Kura ya Lile Jambo

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na mbili mwezi wa pili, saa nane na dakika ishirini mchana, pale Baba Mlezi wa Taifa aliposinzia bungeni.

Si kosa lake. Alikuwa ametoka kula, na kiti chake kina mto wa manyoya. Katika Jamhuri yetu ya Utangamano sheria hazipitishwi kwa kubishana kama kwa majirani wasio na adabu. Waheshimiwa humtazama Baba Mlezi. Akiinamisha kichwa, sheria imepita, wanapiga meza. Akikitikisa, sheria imekufa, wanapiga meza vilevile. Ndiyo maana meza za Bunge letu ni za mninga, na bado hazimalizi mwaka.

Siku hiyo ilisomwa sheria fupi, mistari minne tu. Ilisema mtu asifukuzwe kazi, asitolewe kwenye nyumba, wala asinyimwe matibabu kwa sababu ni mwanamume anayempenda mwanamume, au mwanamke anayempenda mwanamke. Wageni wa nje ndio walioiomba, na Baba Mlezi aliwaahidi kwenye chakula cha jioni kwamba itapita. Kesho yake, kwenye chai ya asubuhi, aliwaahidi wazee wa dini kwamba haitapita. Naye ni mtu anayetimiza ahadi zake zote. Sijui angefanyaje kama usingizi usingemwokoa. Kichwa kilianguka mbele, kikapumzika kifuani, halafu kikayumba kushoto, kikayumba kulia, kikarudi kifuani. Waheshimiwa mia mbili na themanini wakabaki na viganja hewani, hawajui wapige ya kupita au ya kufa.

Kumwamsha, nani? Spika akainuka, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, akanong'ona, "Waheshimiwa, jambo hili ni zito mno. Tuwaachie wananchi."

Kwa hiyo tukaachiwa.

*

Kazi yangu ni chokaa. Napaka miti ya barabarani anapopita mkubwa, napaka mawe ya shule, na kukiwa na mpira nachora uwanja. Watu huniita Fundi Kibwana. Mke wangu aliitwa Sikudhani, na hiyo tarehe kumi na mbili alikuwa hai, amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha na kumsema jirani.

Alikuwa na ugonjwa wa ini uliokuwa unamjaza maji tumboni. Kila baada ya Ijumaa mbili tulikwenda zahanati, Tabibu Faraji akamlaza, akaingiza sindano ndefu yenye mrija, maji yakashuka kwenye ndoo, lita nne, lita tano. Akiinuka hapo anapumua kama msichana na kudai muhogo wa kukaanga. Lakini zikipita wiki tatu hajavutwa, maji yanapanda, yanabana mapafu, anakaa wima kucha kutwa akitafuta hewa. Faraji alituambia wazi: zikifika sita au saba, tusije tukamlaumu Mungu.

Kata nzima ya Mbiringani, aliyejua kuvuta maji ni Faraji peke yake. Mwingine pale zahanati ni Mama Leokadia, anayefagia na kugawa vidonge vya kichwa.

Faraji aliishi na rafiki yake Nelson, fundi redio. Nyumba moja, mlango mmoja, sufuria moja, miaka kumi na mmoja. Kila mtu alijua, na ukiuliza, hakuna aliyejua. Mimi nasema ukweli, mambo yale sikuyapenda. Nilipokuwa namngoja mke wangu pale nje nilikuwa nakunja uso, ili wapita njia waone kwamba nimekunja. Siku moja Sikudhani akanichoka.

"Kibwana," akasema, "mimi nimempelekea tumbo langu. Huko kwake analala na nani, kwani ni wewe unayewatandikia?"

Wiki iliyofuata ule usingizi wa bungeni ukaja Waraka wa Kungoja. Serikali ilikuwa imefikiri sana. Ilisema: kwa kuwa sheria haijapita, watu wa namna ile hawawezi kuachwa wafanye kazi, maana itakuwa kama imepita. Na kwa kuwa sheria haijafa, hawawezi kufukuzwa, maana itakuwa kama imekufa. Kwa hiyo kila mhusika akae mahali pake pa kazi, na sare yake, saa zote za kazi, bila kufanya kazi, mpaka wananchi waseme. Na mhusika ni nani? Waraka ulieleza: mhusika ni yule ambaye watu wanasema.

Ijumaa yetu ilipofika tukamkuta Faraji kwenye benchi la ukutani, koti jeupe limepigwa pasi, mikono juu ya magoti. Pembeni yake amekaa mgambo Mzee Ngwali na daftari. Wajukuu watatu wa Mzee Ngwali, aliyewapokea walipotoka tumboni mwa mama yao ni huyohuyo Faraji.

"Shikamoo, mama," Faraji akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa kama bwana harusi aliyekimbiwa?"

"Nimekalishwa, mama."

"Basi simama unitoe maji, halafu urudi ukae."

Mzee Ngwali akakohoa. "Shemeji, huyu haruhusiwi kugusa."

"Kugusa nini?"

"Mtu. Wala dawa. Wala kuelekeza."

"Kwani mimi mtu? Mimi mtungi. Tazama." Akafunua khanga, tumbo likaonekana limenyooka kama ngoma.

Hata Mzee Ngwali alicheka. Faraji hakucheka. Alilitazama lile tumbo, nikaona macho yake yanapima lita. Mzee Ngwali naye akaona. Akalamba penseli, akaandika polepole, huku akisoma kwa sauti kila neno: "Saa… nne… asubuhi… ametazama… kitabibu."

Faraji akageuzwa, akawekwa uso ukutani.

*

Nikaenda kwa Mtendaji wa Kata, Bi Stumai. Ni mama msikivu sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza kunisikiliza alikuwa pia amemaliza chapati mbili.

"Wilayani je?" nikamwuliza.

"Wilayani wamekalishwa wawili, fundi. Aliyebaki anajua meno."

"Na mkoani?"

"Mkoani utakwenda na nini? Gari la wagonjwa limefungwa vipaza sauti, linatoa elimu ya mpiga kura."

"Sasa mke wangu, Bi Mtendaji?"

Akajifuta vidole. "Sikiliza, Serikali haijakutupa. Kura ni baada ya wiki tano, Jumamosi, uwanja wa mpira. Kila kata inajiamulia. Ndiyo ikishinda hapa Mbiringani, Faraji anasimama pale benchini dakika hiyohiyo, anamvuta mama maji. Hata kesho yake haingojwi. Mwambie avumilie."

"Maji hayavumilii."

"Basi apunguze kunywa," akasema, tena kwa huruma.

Hivyo ndivyo uhai wa mke wangu ulivyowekwa mikononi mwa wananchi. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Nilijua wananchi wenyewe ni kina nani. Walikuwa majirani zetu.

*

Wiki ya pili gari la wagonjwa lilifika na Kamishna wa Tume ya Kuwauliza Wananchi Wanachokubali. Aliitwa Ildefonsi Makaranga, mtu mnene, mpole, aliyevaa filimbi shingoni kwa mkufu wa fedha. Tume ilikuwa na shida moja ndogo. Sheria yetu ya Staha inakataza kutaja mambo yale hadharani. Kwa hiyo Kamishna alikuja kutueleza sheria ambayo akiieleza anafungwa.

Alipanda juu ya meza.

"Ndugu wananchi wa Mbiringani! Taifa liko njia panda, na njia panda hiyo imejengwa na Serikali yenu sikivu! Mnaulizwa kuhusu Lile Jambo! Wanaolijua Lile Jambo, Serikali inawauliza wamelijulia wapi! Wasiolijua, Serikali inawapongeza, na inawaomba waamue kwa busara hiyohiyo!"

Likoko mwenye bucha akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, ni lile jambo la maji ya bomba?"

"Hapana."

"Ni hili la mbuzi kuzurura?"

"Silo."

"Sasa tukikubali, tutakuwa tumekubali nini?"

"Mtakuwa mmekubali," Kamishna akasema, na watu wakapiga makofi, maana jibu lilitoka kwa mkubwa.

"Na tukikataa?" akauliza Mama Leokadia.

"Uhuru wa kukataa umehakikishwa, mama. Tena umehakikishwa zaidi."

Sikudhani alikuwapo. Tulikuwa tumemlaza kwenye mkeka ubavuni mwa lile gari la wagonjwa, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Kamishna aliposhuka mezani nikamwendea, nimevua kofia.

"Mheshimiwa, naomba kitu kimoja. Mkimaliza leo, gari hili limfikishe mke wangu mkoani. Huyo hapo. Yuko karibu na mlango, hata kumbeba ni hatua tatu."

Alimtazama Sikudhani kwa masikitiko ya kweli. Alimtazama mpaka nikadhani amekubali.

"Fundi," akaniambia, "ningekuwa na uwezo… Lakini sasa hivi hili ni gari la demokrasia."

Likaondoka. Likatuachia jua.

*

Sasa nieleze tunavyopiga kura, maana nchi nyingine hutumia karatasi. Kwetu karatasi zilikatazwa kwa kuwa zina siri, na siri si utangamano. Sisi tunapanga mstari. Unachorwa mstari wa Ndiyo na mstari wa Hapana, watu wanasimama, filimbi inalia, na filimbi ikishalia hakuna kuinua mguu, unahesabiwa ulipo. Ni njia safi. Tatizo lake ni sisi wenyewe. Mtu wa Mbiringani hasimami kwenye mstari ambao hauna mtu. Nenda bombani asubuhi, utawakuta wanawake ishirini wamezunguka na ndoo, wanangoja mmoja asimame mbele. Akisimama tu, wote nyuma yake. Kila mtu anataka mgongo wa kutazama.

Sikudhani alilijua hilo kuliko Tume. Kwa hiyo alianza kampeni, kitandani, ameegemea ukuta. Jirani akija kumjulia hali, hali yake haizungumzwi.

"Likoko, kaa hapo. Ngiri yako nani aliishughulikia?"

"Mama, taratibu, watu watasikia."

"Nani?"

"Faraji."

"Alipoishika aliishika vibaya?"

"Ah, mama, jamani!"

"Najibiwa?"

"Aliishika vizuri, mama."

"Jumamosi miguu yako iende wapi?"

"Ndiyo, mama. Hata uniamshe usingizini."

Alipita nao hivyo mmoja mmoja. Huyu jipu, yule mimba iliyolala vibaya, yule mtoto aliyemeza kifungo. Hakuna nyumba Mbiringani ambayo mkono wa Faraji haukufika. Wote waliapa. Wengine walilia kidogo. Kufikia wiki ya nne alikuwa anavuta pumzi mara mbili katikati ya jina la mtu, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayeshinda.

"Tunawashinda, Kibwana. Wamejaa… wamejaa tele."

"Ndiyo, mke wangu."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe na ule uso wako wa kukunja. Utasimama wapi?"

"Nitasimama ulipo."

"Kwanza," akasema. "Usimame wa kwanza. Wakuone."

Nikamwapia kwa Mungu mmoja.

*

Jumamosi nilikuwa uwanjani kabla ya wote, maana Tume ilinichukua mimi nichore mistari. Nilichora wa Ndiyo kwanza, nikauchora vizuri, hata shule ya chekechea hawajachorewa vile. Halafu nikachora wa Hapana. Nilikuwa namalizia ncha yake Kamishna alipofika na kikombe cha chai, akafunga jicho moja.

"Fundi, wa Hapana umepinda."

Haukupinda. Miaka ishirini na sita nachora.

"Simama pale kichwani pake nikague. Simama wima. Usitikisike."

Nikasimama na ndoo yangu. Akaangalia, akainama, akaangalia tena. Halafu akakumbuka kitu, akaondoka kwenda kuongeza chai.

Hakuniambia niondoke. Nami mtumishi wa siku moja nitaondokaje mkubwa hajaniambia? Nikasema, atarudi sasa hivi, nitatua ndoo, nitavuka.

Watu walikuwa wameshajaa getini. Wamesongamana, wanachungulia, wanangoja mgongo. Kwenye mstari wa Ndiyo palikuwa na meza, karani, na daftari la majina. Bi Stumai alitangaza kwa kipaza sauti cha lile gari kwamba watakaosimama Ndiyo wataandikwa jina, nyumba na kazi, ili sheria ikipita ijue ni nani wa kumlinda, na isipopita vilevile ijulikane. Kwenye mstari wa Hapana hapakuwa na meza wala daftari. Palikuwa na mimi.

Nikamsikia Likoko, sauti yake inajulikana: "Heh! Si Fundi Kibwana yule? Mwenye mgonjwa mwenyewe kasimama Hapana. Sisi ni nani?"

Akaja, akasimama nyuma yangu.

"Likoko! Mimi sijasimama, mimi nakaguliwa mstari!"

"Sawasawa, fundi. Hata mimi nakaguliwa." Akanikonyeza.

"Nakwambia kweli, ndoo hii hapa!"

"Umesikia nini huko juu, fundi? Niambie tu, mimi si mtu wa kusema."

Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, halafu lango zima likafunguka kama gunia lililotoboka. Nikawa nawapigia kelele, rudini, siyo huku, nendeni kule, na kila nilivyopiga kelele ndivyo walivyonyoosha mstari, wakidhani nawapanga. Mama Leokadia alipita akiniangalia kwa uchungu, akasema, "Pole, baba, najua wamekutisha," akaenda nyuma ya wengine.

Halafu akaja Sikudhani.

Alikuja kitandani. Nelson mbele, Mzee Ngwali nyuma, wamebeba kitanda cha kamba. Walimweka juu ya mstari wa Ndiyo, kichwani kabisa. Nelson akaambiwa aondoke, kwa kuwa wahusika hawapigi kura, wasije wakajipendelea. Mzee Ngwali alisimama kidogo akashika chaga ya kitanda. Akatazama daftari la karani. Akaiachia chaga, akainamisha kichwa, akavuka akaja upande wetu.

Sikudhani akageuza shingo kunitafuta. Alinitafuta kwake kwanza, pande zote za kitanda. Ndipo akaniona.

Nikainua ndoo. Niliinua juu, aione, ajue kwamba nipo kazini.

Kamishna akarudi na filimbi mdomoni. Nikamwambia, "Mheshimiwa, nimemaliza. Natoka."

Akatazama mgongoni mwangu, watu mia tisa, wamenyooka. Akatoa filimbi mdomoni, akasema kwa upole, "Fundi, ukikata kichwa, mwili unafanya nini? Unataka damu imwagike hapa? Ikumwagikie wewe?"

Kisha akapuliza.

Sikuinua mguu.

*

Hapana walihesabiwa mia tisa na sita. Karani wa Ndiyo akaenda mpaka kitandani, akasimama na kalamu.

"Mama, simama."

"Mwanangu, ningeweza… kusimama… ningekuja hapa kufanya nini?"

"Kanuni ya kumi na moja, mama. Kura ni miguu miwili juu ya ardhi."

"Niteremshe basi… uniweke."

Karani hakuruhusiwa kumgusa mpiga kura. Wakaitana, wakafungua kitabu, wakanong'onezana, Kamishna akakuna shavu. Mwisho ukatoka uamuzi, nao ulitolewa kwa kipaza sauti. Mtu aliyefika kwenye mstari wa Ndiyo, akaombwa kusimama Ndiyo, na asisimame, huyo amekataa kusimama Ndiyo. Na kukataa ndiyo Hapana yenyewe. Mia tisa na saba.

"Mbiringani!" Kamishna alilia kwa furaha, machozi kabisa. "Mmeitikisa dunia! Hakuna hata mmoja! Hata wagonjwa wenu wamekataa wakiwa kitandani! Nitamwambia Baba Mlezi, wananchi wako walikuwa macho!"

Tukapiga makofi. Ndoo ilinizuia, nikapiga ya mkono mmoja kwenye paja.

Kwa kuwa wananchi walikuwa wamesema, Waraka wa Kungoja ulikwisha hapohapo. Walikwenda zahanati wakamwinua Faraji benchini. Nilikimbia huko, nikafika wamemfikisha kwenye lori, Nelson wamemtangulizia ndani na redio za watu alizokuwa anatengeneza. Faraji aliponiona, alipiga kelele, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tano kutoa neno la kazi yake.

"Kibwana! Asilale chali! Mwinue mgongo, mwekee mito miwili, chumvi asionje! Umesikia? Asilale chali!"

Mzee Ngwali akaandika. Baadaye nilisikia kosa hilo liliongezwa kwenye mashitaka yake: kutibu kwa mdomo.

Jioni ile redio ilitangaza mara mbili. Kwa lugha ya wageni ilisema Jamhuri ya Utangamano imeweka historia kwa kuwaruhusu watu wake kusema kwa uhuru kuhusu haki. Kwa lugha yetu ilisema Lile Jambo limezikwa. Wageni waliridhika, na wazee wa dini waliridhika. Baba Mlezi alikuwa ametimiza ahadi zake zote mbili.

*

Mito tulikuwa na mmoja. Wa pili nilitumia mfuko wa chokaa, nikauzungushia khanga. Aliishi hivyo, ameegemea, siku nne.

Majirani walikuja wote. Nasema wote. Walileta uji, walileta kuni, Likoko alileta supu ya mifupa na akaipoza mwenyewe kwa kuipuliza. Walilia kweli, siyo ya kujilazimisha. Na kila mmoja alipotoka alinishika mkono mlangoni na kuniambia jambo lilelile, kama vile wamefundishwa na mwalimu mmoja: "Mimi nilikuwa nakwenda Ndiyo, fundi. Ila nilikuona wewe." Nikawa nawajibu kwamba ni Kamishna, ni yule Kamishna na chai yake, ni Serikali, ni wale wa juu. Wakawa wanasema, "Kweli, fundi. Wale wa juu." Tukawa tunatikisa vichwa pamoja.

Jumatano aliniita. Sauti ilikuwa imebaki uzi.

"Kibwana."

"Naam, mke wangu."

"Kati ya mstari wako… na wangu. Palikuwa na nini?"

Nikadhani anaweweseka. "Majani," nikamwambia. "Majani ya uwanja."

"Hapakuwa na askari?"

"Askari walikuwa getini."

"Waya?"

"Hapakuwa na waya."

"Majani tu."

"Majani tu."

Akafumba macho, akakusanya pumzi muda mrefu, nikamsikia anaikusanya.

"Yana urefu gani… hayo majani?"

Nikaanza kufikiri. Nilipomaliza kufikiri hakuwa anangoja tena.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa Bi Stumai na swali hilo. Alinipa kiti, akaniambia linahusu uwanja, niende kwa bwana michezo. Bwana michezo akasema siku ile uwanja ulikuwa chini ya Tume. Nikapanda gari mpaka makao makuu, nikakaa siku mbili kwenye kibaraza, Kamishna Makaranga akanipokea kwa mikono miwili, akanikumbuka. Alisema nilikuwa kichwa cha mstari ulionyooka kuliko yote nchini, na picha yangu na ndoo ipo ukutani kwao. Kuhusu swali langu alisikitika. Kazi ya Tume, alisema, ni mistari. Nafasi iliyo katikati ya mistari haimo kwenye madaraka yake, na mpaka sasa hajui ni ya wizara gani.

Basi nikaenda mwenyewe uwanjani. Nilikwenda mchana, nikasimama pale nilipowekwa. Majani hayajafyekwa tangu siku ile, na bado yanaishia kwenye kifundo cha mguu. Nawauliza wao waliosoma, wenye Bunge na Tume na filimbi, waliotupanga vile na wanaolipwa kujua: mtu mzima, mwenye miguu yote miwili, anazuiwaje na majani ya kifundo cha mguu?